Maswali ya Wasomaji: Wake wa Vladimir wa Kiev na Watoto wa Matumbo Mbalimbali

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Vladimir, mtawala wa Kiev aliyebatizwa mwaka 988 na kuwaingiza watu wake katika Ukristo, alikuwa na wake na masuria wengi kabla ya kumwoa Anna, binti wa kifalme wa Bizanti, dola ya Kigiriki iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli. Naomba kufahamishwa wake hao wa mwanzo walikuwa akina nani na waliishia wapi baada ya ubatizo. Tena, je, watoto wao waliendelea kuhesabiwa kuwa warithi, au urithi ulibaki kwa watoto wa ndoa ya kanisani peke yao?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, tunaanza na mama yake Vladimir mwenyewe, kwa kuwa swali lako la mwisho limefumbatwa humo. Mama huyo aliitwa Malusha, naye alikuwa mtunza funguo katika nyumba ya Olga, bibi yake Vladimir mzaa baba. Baba yake, Sviatoslav, alikuwa na wana wengine wawili, Yaropolk na Oleg, lakini alipogawa nchi hakumwacha nje mtoto wa mtunza funguo, bali alimpa Novgorod, mji mkubwa wa kaskazini. Katika ukoo ule aliyekubaliwa na baba alikuwa mwana, na tumbo alilotoka halikumwondoa katika fungu lake.

Hata hivyo watu hawakuacha kumkumbusha asili yake. Alipotuma posa kwa Rogneda, binti wa Rogvolod aliyetawala Polotsk, binti huyo alijibu kwamba hakuwa tayari kumvua viatu mwana wa mjakazi na kwamba alimtaka Yaropolk, maana desturi yao ilimtaka bibi harusi amvue mumewe viatu. Vladimir aliuteka Polotsk, akamuua Rogvolod pamoja na wanawe wawili, akamchukua Rogneda kwa nguvu. Kisha akaenda Kiev, akamwangamiza kaka yake Yaropolk, akamtwaa pia mjane wake, mwanamke wa Kigiriki aliyekuwa mtawa hapo kabla. Hayo yalitukia kati ya mwaka 978 na 980. Sioni sababu ya kuyapamba mambo haya kwa kuwa mtendaji alikuja kuitwa mtakatifu. Wanawake hao wawili waliingia katika nyumba ya Vladimir kupitia damu ya jamaa zao.

Tarikhi ya Kiev, iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 12, inaorodhesha wake wakubwa na watoto wao. Rogneda alizaa wana wanne, akiwamo Izyaslav na Yaroslav, na mabinti wawili. Mjane wa Kigiriki alimzaa Svyatopolk, na tarikhi inasema kwamba mama huyo alitwaliwa akiwa tayari mjamzito, hivyo mtoto akaitwa wa baba wawili. Wengine ni Mcheki aliyemzaa Vysheslav, mwingine aliyemzaa Svyatoslav na Mstislav, na Mbulgaria aliyewazaa Boris na Gleb. Inaniuma kwamba kati ya wake hao wa kabla ya ubatizo ni Rogneda peke yake aliyeachiwa jina; wenzake tunawajua kwa makabila yao tu, ilhali majina ya wana wao yameandikwa mara nyingi. Kuhusu masuria, tarikhi hiyo inataja 300 huko Vyshgorod, 300 Belgorod na 200 Berestovo, kisha inamlinganisha Vladimir na Mfalme Suleiman. Kwa maoni yangu hesabu hiyo iliwekwa kwa ajili ya ulinganisho huo, ili ukubwa wa dhambi uonyeshe ukubwa wa toba, wala haifai kuchukuliwa kama idadi ya watu waliohesabiwa.

Ndoa ya Anna ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Kaka yake, Kaisari Basil wa Pili, alikuwa amebanwa na uasi wa jemadari Bardas Phokas, naye akahitaji askari. Vladimir alipeleka wapiganaji wanaokadiriwa kuwa 6,000, akakubali kubatizwa, akateka pia mji wa Cherson huko Crimea, na kwa hayo akapewa bibi aliyezaliwa na kaisari aliyekuwa madarakani. Miaka 20 hivi kabla ya hapo, Kaisari Otto wa Ujerumani alikuwa amemwombea mwanawe bibi wa daraja hiyo kutoka Konstantinopoli akakataliwa, jambo linaloonyesha uzito wa kilichotolewa. Anna mwenyewe, kwa mujibu wa tarikhi, alikwenda akilia, akisema kwamba ni kama anapelekwa utumwani. Aliishi na Vladimir hadi alipofariki mwaka 1011, akazikwa Kiev katika Kanisa la Zaka, alikozikwa mumewe baadaye.

Wale wa mwanzo, basi, waliishia wapi? Ni habari za Rogneda tu zilizotufikia kwa urefu. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alijaribu kumchoma Vladimir kisu akiwa usingizini, kwa uchungu wa baba yake na kwa kuwa mume huyo hakumpenda tena, lakini Vladimir alizinduka akamshika mkono. Alimwamuru avae mavazi yake yote ya kifalme kama siku ya arusi na kumngoja kitandani, akikusudia kumuua. Rogneda alimpa mwanawe mdogo Izyaslav upanga mtupu, na baba alipoingia, mtoto akasimama na kumuuliza kama alidhani yuko peke yake humo. Vladimir aliutupa upanga wake. Kwa ushauri wa wakuu wake alimrudisha mama na mtoto katika nchi ya Rogvolod, akawajengea mji ulioitwa Izyaslavl kwa jina la mtoto, ambao leo ni Zaslawye karibu na Minsk, nchini Belarus. Masimulizi ya baadaye yanaongeza kwamba baada ya ubatizo Vladimir alimtaka aolewe na mmoja wa wakuu wake, naye akakataa, akachagua utawa. Alifariki mwaka 1000.

Kuhusu urithi, tarikhi haimtajii Anna mtoto hata mmoja. Wapo wanahistoria wanaodhani kwamba Boris na Gleb walikuwa watoto wa Anna, lakini tarikhi imewaweka waziwazi kwa mama Mbulgaria. Warithi wote 12 wanaotajwa walihesabiwa kwa baba, wakapewa miji: Izyaslav Polotsk, Yaroslav Novgorod baada ya kifo cha Vysheslav, Svyatopolk Turov, Boris Rostov, Gleb Murom. Ubatizo haukumfanya yeyote kati yao mwana wa haramu. Tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na kanuni iliyokubaliwa na wote ya nani akalie kiti cha Kiev. Vladimir alipofariki tarehe 15 Julai 1015, Svyatopolk alikikalia, na katika muda wa majuma machache Boris na Gleb waliuawa. Tarikhi inamlaumu yeye. Yaroslav alipigana naye hadi mwaka 1019. Tena, mwaka 1036, Yaroslav huyohuyo alimfunga ndugu yake Sudislav huko Pskov, na hakuachiwa hadi mwaka 1059, wakati Yaroslav mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Mabinti hukuwauliza, lakini nisingependa kuwapita. Predslava, ambaye huhesabiwa kuwa ndugu wa tumbo moja na Yaroslav, ndiye aliyempelekea habari kutoka Kiev kwamba baba yao amekufa na Boris ameuawa. Mwaka 1018 Bolesław wa Poland, baba mkwe wa Svyatopolk, aliyewahi kumposa Predslava akakataliwa, aliingia Kiev na kuondoka naye pamoja na mateka wengi. Baadaye Yaroslav alimwoza dada yake mwingine, Dobronega, kwa Kazimierz, mjukuu wa Bolesław huyo, na mahari iliyotolewa, kwa mujibu wa tarikhi, ilikuwa watu 800 waliotekwa na babu yake, wakarudishwa kwao.