Re: Siangalii tena ila hamu haipungui, nitajuaje kama napona?

Mkuu habari za Igoma, mi niko Nyegezi. Umesema unahesabu siku ambazo hujaangalia video za ngono ila arosto, yaani ile hamu, iko palepale. Shida hapo unapima kuangalia, hupimi hamu, na hivyo ni vitu viwili, mtu anaweza kukaa wiki kwa sababu bando limekata tu.

Anza kwa kuipa hamu namba 0 mpaka 10 pale pale inapokuja, usisubiri asubuhi maana ikishapita unaiandika ndogo. Pembeni andika saa, uko wapi, nini kilitangulia, na imekaa dakika ngapi. Mimi yangu ilikuwa haina uhusiano na wasichana wala nini, ilikuwa inapanda nikirudi kutoka mwaloni Kirumba siku biashara ya dagaa imegoma, niko geto peke yangu na simu, na mara nyingi inashuka yenyewe nikitoka nje kupiga stori.

Kipimo cha kitaalam cha hamu ya video za ngono kipo, watafiti Kraus na Rosenberg walikitoa 2014, maswali 12, kila moja unajibu 1 mpaka 7, kinauliza hamu ya sasa hivi sio ya mwezi uliopita. Sio cha kukwambia una ugonjwa.

Halafu cheki kama ni hamu au ni hatia ya dini tu, Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa, wanasema hatia peke yake haitoshi kuitwa tatizo. Ila kama kazi na ndoa vinayumba miezi 6 na kuendelea, nenda hospitali ya Bugando hapa Mwanza, kitengo cha afya ya akili, na hilo daftari beba.