Ukifika Moshi, panda Old Moshi kabla ya kufikiria kilele

Watu wanaokuja Moshi kutoka Dar, Dodoma au Mwanza huniuliza swali lile lile: nina siku moja au mbili, sina mpango wala fedha za kupanda mlima, niende wapi? Jibu langu halibadiliki. Panda Old Moshi. Maporomoko yenye sifa kubwa yako Materuni, kule Uru, na kama unachotaka ni picha ya maji yanayoanguka, nenda huko, utafurahi. Lakini kama unataka kuielewa Kilimanjaro, Old Moshi ndiyo Moshi yenyewe. Mji wa chini ulikua baada ya reli kufika mwanzoni mwa miaka ya 1910, ukabeba jina la kijiji kilichoko juu ya mteremko. Kwa mwendo wa miguu wa siku moja utapita katika nchi ya Mangi Rindi (mangi ni mtawala wa jadi wa Wachaga), utasimama penye mti alionyongewa mwanawe Meli, utafika Kidia penye usharika wa Kilutheri wa enzi za wamisionari wa Leipzig, na muda wote utakuwa ndani ya migomba na kahawa za watu.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba upande ukiwa tayari unaijua hadithi. Old Moshi haina jumba la makumbusho la kukushika mkono chumba kwa chumba. Asiyejua kitu atauona mti, ataiona sanamu, atapiga picha na kushuka. Kwa hiyo nitaieleza hapa, japo kwa kifupi.

Rindi, ambaye wageni wengi walimwita Mandara, alikuwa mangi mwenye nguvu na mwenye akili ya siasa. Ndiye aliyempokea mmisionari Charles New mwaka 1871, na mwaka huo huo New akapanda hadi kwenye theluji. Mwaka 1885 Rindi aliweka mkataba na Wajerumani, akitarajia kuwatumia dhidi ya wapinzani wake, hasa Mangi Sina wa Kibosho. Alifariki mwaka 1891, na Meli, akiwa bado kijana, akarithi kiti. Juni 1892 Wajerumani wakiongozwa na von Bülow waliishambulia Moshi, wakashindwa, na von Bülow mwenyewe akafa kwa majeraha. Fikiria uzito wa jambo hilo: jeshi la dola ya Ulaya lilirudishwa nyuma na vijana wa mteremko huu. Mwaka uliofuata, Agosti 1893, Gavana von Schele alikuja na kikosi kikubwa zaidi, na safari hiyo Moshi ikaangushwa. Wajerumani wakajenga boma lao hapo hapo.

Halafu ikaja tarehe 2 Machi 1900. Meli alinyongwa mbele ya watu wake pamoja na wenzake 18, Wachaga, Wameru na Waarusha, kwa tuhuma za kupanga uasi. Miongoni mwao walikuwemo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Familia zinasimulia kwamba baadaye kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alikidai kwa miaka mingi. Mwaka 2019 sanamu ya Meli ilizinduliwa karibu na mti ule. Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayotunza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki ilitangaza matokeo ya vinasaba: ndugu wa baadhi ya mafuvu kutoka Kilimanjaro wamepatikana, na fuvu moja likatambuliwa kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli halikuwemo.

Nimeiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoamua namna utakavyotembea. Unapokwenda kwenye mti ule hutembelei gofu lililosahauliwa. Unakwenda mahali ambapo wajukuu na vitukuu wa waliouawa bado wanaishi, wanalima, na bado wanasubiri. Mimi huwaomba ninaopanda nao wazime muziki wa simu tukikaribia, na wasipige picha za kuchekacheka wakiwa wameegemea mti. Hakuna anayekataza. Ni adabu tu ya kufika kwenye msiba.

Namna ya kwenda ni rahisi. Kutoka mjini unafika Kiboriloni, penye soko la mitumba linalojulikana, kisha barabara inakata kushoto na kupanda. Yapo magari madogo ya abiria na bodaboda. Ninachopendelea ni kupanda na gari hadi Kidia asubuhi, halafu kushuka kwa miguu taratibu kuelekea Tsuduni na kuendelea chini. Ukianza chini ukipanda, utafika kwenye mti umechoka, na mtu aliyechoka hasikilizi. Asubuhi ina faida nyingine: kilele cha Kibo huonekana mapema, na mara nyingi kufikia saa nne mawingu yameshaufunika.

Usitembee bila mwenyeji. Nasisitiza hili kuliko jambo lolote. Njia za Old Moshi hazikuwekwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za kwenda shule, kanisani na shambani, na nyingi zinapita katikati ya kihamba cha mtu. Uliza ofisi ya kijiji au watu wa kanisani, watakupa kijana au mzee wa kukuongoza. Mkubaliane malipo kabla ya hatua ya kwanza, umpe mkononi mwake mwenyewe, na usimpunje kwa sababu hana sare wala kitambulisho. Kampuni ya mjini inaweza kukuletea mtu anayejua majina ya ndege kwa Kiingereza, lakini yule wa pale atakuambia huu ni mlango wa nani, ule mfereji ulichimbwa na ukoo gani, na yupi kati ya wazee wale anapenda kuzungumza.

Sasa kihamba. Kwa Mchaga kihamba ni shamba, ni nyumba, na ni makaburi ya waliotangulia, vyote katika eneo moja. Utaona migomba mirefu, chini yake kahawa, chini ya kahawa magimbi au maharage, na pembeni safu ya mimea ya masale. Masale ni mpaka, ni alama ya kaburi, na ni jani ambalo mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha, na anayeletewa hupata shida sana kukataa. Usilichume kwa kupamba kofia. Nimewahi kuona mgeni akifanya hivyo, na mama mwenye shamba akanyamaza kimya ambacho sote tulikisikia. Piga hodi hata kama hakuna ua. Ukikutana na mzee njiani, simama kwanza, mpe shikamoo, ndipo uulize njia. Ukijua utaketi nyumbani kwa mtu, kilo ya sukari na majani ya chai havijawahi kumwaibisha mgeni. Ukikaribishwa mtori, kula. Mbege, kama unakunywa, onja kwa heshima na uendelee kidogo kidogo, kwani njia ya kushuka ina mawe.

Mifereji ya asili, mifongo, ndiyo ninayoipenda kuliko vyote, na wengi wanaivuka bila kuitazama. Wachaga waliyatoa maji katika mabonde ya mito iliyoko juu, wakayazungusha kwenye miteremko kwa kufuata kimo cha ardhi hadi yakafika migombani, na walifanya hivyo kabla ya mkoloni kuja na vipimo vyake. Mwombe mwenyeji mfuate mfereji mmoja kwa nusu saa tu, dhidi ya mkondo. Utaona mahali ambapo umekatwa kwenye mwamba, na mahali ambapo umezibwa kwa magome ya migomba na udongo ili maji yaende upande wa pili. Usioshe viatu humo. Maji yale yana zamu, na kuna mtu chini huko anayeyasubiri.

Kuhusu majira, epuka Machi hadi Mei. Udongo mwekundu wa masika hauna huruma, na nimeona watu wazima wakishuka kwa makalio. Januari na Februari anga huwa safi. Juni na Julai kuna baridi na ukungu mteremkoni, lakini kuanzia Julai kahawa huanza kuchumwa, na kama unataka kuona mashine ya kumenyea na buni zikianikwa, huo ndio wakati. Waulize wazee kuhusu KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanza mwaka 1933, na kwa nini baadhi ya majirani wameng'oa mibuni. Majibu yao yatakufundisha uchumi wa mlima huu. Vaa raba zenye meno, beba koti la mvua hata jua likiwaka, na maji ya kunywa.

Usivuke mpaka wa msitu. Tangu mwaka 2005 msitu uliozunguka mlima ni sehemu ya hifadhi ya taifa, na kuingia kunahitaji kibali cha KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na malipo yake. Mwenyeji wako anajua mpaka uko wapi. Usijitie aibu wala usimtie matatani kwa kumwomba "tuingie kidogo tu".

Ukiwa na siku ya pili, Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori na mahandaki ambamo Wachaga walijificha na mifugo yao wakati wa vita na uvamizi. Wenye watoto wapelekeni huko, watapenda mahandaki.

Jambo la mwisho ni simu zetu. Wazee wanaoijua habari ya mwaka 1900 kwa kuisikia kwa baba na babu zao wanapungua. Ukimrekodi mzee, mwombe ruhusa kwanza, mwulize jina lake lote na ukoo wake, na mrekodi kwa lugha anayoitaka, hata kama ni Kichaga usichokielewa. Usikatishe sentensi zake ili kupata kipande cha mtandaoni. Kabla ya kushuka, hamishia nakala kwenye simu ya mwanawe au mjukuu wake pale pale, na umsikilizishe mwenyewe. Picha nazo zichapishe mjini ukirudi. Pale Kiboriloni wapo madereva wanaopanda kila siku, wape bahasha yenye jina la mzee na la kijiji, wataifikisha.