Kengele Yetu Ilikuwa Kipande cha Reli

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Shule ya msingi ya mtaani kwenu ikifungwa, mtaa unapoteza nini?" Nilidhani nitawaandikia mistari mitatu nikalale. Sasa ni saa saba usiku, chai imepoa, na swali lenyewe bado sijaligusa.

Shule yangu ni moja katika zilizofungwa. Ilikuwa Changamwe, Mombasa, upande wa ndani ukiipa mgongo barabara ya Magongo, na ilifungwa 2009. Jina silitaji. Waliosoma pale watanijua nikisema mti wa mkungu na reli, na walioifunga watajijua wenyewe.

Msimamo wangu nautoa mapema msije mkaniona kigeugeu: shule ile haikufaa kufungwa. Ilifungwa kwa tamaa. Wenye ardhi walitaka yadi ya makontena, na watoto hawalipi kodi ya yadi.

Kwa aliyeijua Changamwe baadaye tu: miaka ya themanini ulitoka kisiwani, ukavuka Makupa, ukaziba pua pale Kibarani penye jaa la taka, ukapanda kilima, umefika. Usiku moto wa rifaineri, kiwanda cha kusafisha mafuta, uliwaka juu ya bomba lake, na mimi giza la kweli sikulijua mpaka nilipopelekwa kwa nyanya likizo ya Disemba. Ndege za watalii zilishuka Port Reitz zikipita juu ya paa letu. Mwalimu alinyamaza, chaki mkononi, ndege ikipita akaendelea na neno lile lile alilolikatia katikati. Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, tuliyanywa kwenye pakiti za pembe tatu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia 1985, wazazi walichangishwa mabati ya darasa la nane, na sisi tukaenda kuomba vipande vya mbao kwa wachonga vinyago wa Kikamba, njia ya Port Reitz, kwa somo la sanaa na kazi za mikono. Nilichonga mwiko. Mamangu aliutumia siku moja, ukapasuka ndani ya sima.

Shule ilijengwa na kampuni kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake, waliokaa kota, nyumba za kampuni. Nafasi ikibaki, wa nje walichukuliwa kwa karo. Kwa hiyo tulikuwa watoto wa aina mbili, na hakuna aliyehitaji kutuambia nani ni nani. Wa kota walikuja na viatu vya ngozi. Mimi nilikuwa wa nje, natoka upande wa Bokole, na babangu aliuza maji kwa mkokoteni.

Hilo la mkokoteni darasani hawakulijua. Nilikuwa nimewaambia babangu anafanya kazi ya maji. Wao wakaelewa ni ofisi ya maji, na mimi sikuwasahihisha.

Sasa hapa mtanivumilia, kwa sababu ndipo swali lenu liliponichoma.

Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye mkungu, mbele ya ofisi. Mwalimu wa zamu aliigonga kwa boliti kubwa, na sauti yake ilifika hadi kwetu, nikajua nimechelewa kiasi gani. Jumatatu moja ya 1986, muhula wa pili, tulifika tukakuta mnyororo unaning'inia mtupu. Reli imeibwa. Tulipigiwa firimbi kwenda paredi, na hata bendera ilipanda siku hiyo kama haitaki.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mfupi, mpole mpaka achokozwe. Siku ile alichokozwa. Alisema kengele hiyo ameikuta, na aliyemkabidhi shule naye aliikuta, na haitapotelea mikononi mwake. Kijana mmoja wa darasa letu, la saba, akanyoosha mkono: ameona chuma kama kile kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kule Magongo. Papo hapo wakachaguliwa wavulana sita. Kisha Mwalimu Mkuu akauliza, "Nani kwao kuna mkokoteni?"

Kimya. Palikuwa na mvulana mmoja, jirani yetu wa Bokole. Aliniangalia. Nami nikaangalia viatu vyangu. Naye, Mungu amlipe, akaangalia vyake.

Nikatumwa hata hivyo, maana nilikuwa kiranja na mwandiko wangu ulisomeka. Nilibebeshwa barua ya Mwalimu Mkuu yenye muhuri wa shule, iliyomtaka mnunuzi arudishe mali ya shule la sivyo polisi watahusishwa. Tukaenda kwa miguu, jua la saa nne, malori yakitupulizia moshi.

Mnunuzi alikuwa amekaa kivulini kati ya rejeta, vitanda vilivyovunjika na betri zinazovuja. Aliisoma barua taratibu, akaikunja, akaanza kujipepea nayo. "Kengele?" akasema. "Mimi sikuuziwa kengele. Nimeuziwa chuma." Akaiburura reli yetu hadi kwenye mzani, tuone kwa macho yetu. Kilo 38. Alitaka shilingi 80. Sisi sote saba tukikung'utwa mifuko hazitoki shilingi nne. Wavulana wakaanza kupandisha sauti, wakitaja polisi, naye akawaonyesha kwa mkono kituo kiliko.

Ndipo nikausikia mkokoteni. Kila mkokoteni una mlio wake, na wa babangu ulikuwa na gurudumu moja lililolia kila likimaliza mzunguko. Alikuwa anarudi bombani na mitungi mitupu. Akasimama.

"Mamangu," akaita, kwa vile alivyoniita nyumbani, "wafanyani huku saa za shule?"

Wavulana sita wakanigeukia. Na mimi, Mhariri, nilimwamkia babangu kama mtu anavyomwamkia mzee wa njiani asiyemjua. Nilisema, "Shikamoo, mzee."

Aliniangalia kidogo. Jasho lilikuwa linamshuka hadi kwenye kidevu na hakulifuta. Kisha akasema, "Marahaba." Hakuniita tena. Akaweka mkokoteni chini, akamgeukia mnunuzi, wakaamkiana, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za maji yaliyokatika siku nne. Mambo ya reli yalikuja mwisho, kama jambo dogo. Mnunuzi nyumbani kwake hakuwa na maji. Babangu alikuwa na mkokoteni. Wakakubaliana mitungi minne kila siku, wiki nzima, na reli irudi shule.

Wakaipakia. Wavulana walisukuma kwa nyuma, babangu akavuta mbele, mimi nikatembea kando na barua yangu iliyokunjika. Tulipofika pale pa mteremko mmoja wao akaniuliza kwa chini, "Yule mzee mwajuana?"

Nikasema, "Hutuuzia maji."

Hata huo nao haukuwa uongo. Nimeishi na sentensi hiyo kwa miaka mingi kuliko niliyokaa katika shule yoyote.

Tulipoingia getini watoto walipiga kelele kama timu imeshinda. Mwalimu Mkuu akampa babangu mkono wake wa kulia na wa kushoto, akamwita "mzee wangu", akamwingiza chumba cha walimu. Nilimwona kwa dirisha: kofia ameiweka juu ya goti, kikombe kina kisosi, na mkate wa siagi ameuacha kipande kimoja kwa adabu. Usiku nyumbani nilingoja anitandike, au angalau aniulize. Alinawa mikono, akala, akasema tu, "Kengele yalia vizuri?" Nikasema yalia.

Kuanzia hapo alileta maji shuleni kila Ijumaa, na nilipofika darasa la nane karani aliniambia, bila nia mbaya, mbele ya foleni nzima, kwamba karo yangu inalipwa kwa mitungi. Kufikia hapo walikuwa wameshajua wote. Wala hakuna aliyenicheka. Aibu yote niliyokuwa nimeibeba ilikuwa yangu peke yangu, hakuna aliyenituma.

Basi. Nimesoma upya nilichoandika pale juu kuhusu tamaa, na kalamu imekuwa nzito.

Kwa sababu tamaa ya wenye ardhi ilikuwepo, sikatai. Lakini yadi ilikuta nini? Kota zilishaanza kubaki tupu wafanyakazi walipopunguzwa. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa ya bure katika shule za serikali, wa nje wakaondoka. Utamlaumu nani? Angekuwepo babangu na mitungi yake angefanya vivyo hivyo. Na wenye uwezo kidogo walikuwa wameshahamia akademi za watu binafsi zenye mabasi ya rangi ya njano.

Nasema "wenye uwezo kidogo" kana kwamba ni watu wengine. Mwaka 2004 mwanangu wa kwanza alikuwa wa kuingia darasa la kwanza. Nilimshika mkono, nikampeleka kuiona shule yangu. Bati la darasa la nane, lile tulilochangisha, lilikuwa na tundu unaloweza kupitisha kichwa. Vyoo sivisemi. Mwalimu mmoja anafundisha madarasa mawili kwa zamu. Mwanangu akagonga reli, akacheka, na Jumatatu iliyofuata alipanda basi la njano.

Kikao cha wazazi na majirani kilipoitishwa, karibu na mwisho, nilihudhuria. Nilisimama nikasema maneno makali, nikapigiwa makofi. Kisha mama mmoja niliyesoma naye, wa kota wa zamani, akauliza bila hata kusimama, "Wako yuko darasa la ngapi hapa?" Nikakumbuka kuna mgonjwa wa kumwona.

Hata hiyo yadi yenyewe haikukaa raha. Treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza 2017, na 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya bara iende yote kwa reli hiyo. Watu wa malori na wa mayadi wakawa wanaandamana kila Jumatatu, na mimi, mke wa dereva, nikajikuta barabarani natetea makontena yale yale yaliyokalia darasa langu. Yakhe, dunia hii! Septemba 2022 kazi ya kutoa mizigo ilirudishwa bandarini Mombasa, na makasha nayo yakarudi. Moto wa rifaineri haukurudi. Ulizimika 2013 usafishaji mafuta ulipokoma, na siku hizi Changamwe kuna giza kama kwingine.

Kwa hiyo mkitaka jibu langu ni hili, na lichapisheni kabla sijabadili nia: ilikuwa sawa kufungwa. Shule ya watoto hamsini na vyoo vile si ya kuililia kwenye gazeti na sisi wenyewe tumeihama. Nasema hivyo kwa masharti. Watoto wa upande ule sasa wanavuka barabara ya malori asubuhi na jioni kwenda shule iliyojaa, na hilo halikuwa na lazima. Aliyefunga angejenga hata kivuko. Na pia sijui kama ningelisema hili babangu angekuwa bado hai, maana yeye alikuwa na hesabu yake na shule ile ambayo si ya karo peke yake. Mume wangu naye ameyasoma haya mpaka hapa, anasema nimejibu swali ambalo hamkuuliza. Huenda.

Disemba iliyopita nilipita pale. Mkungu bado upo, ndani ya ua wa yadi, na chini yake kungu zimetapakaa hazina wa kuziokota. Mlinzi, kijana wa umri wa mwanangu, alinifungulia nikamwambia nilisoma hapa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye lile tawi. Mnyororo haujatoka. Gome limeumeza, umebaki kama pete tatu zinazochungulia nje, na ukizivuta hazitikisiki.

Nikamuuliza kuhusu reli. "Ile ya zamani, mama? Nilikuta wanasema iliuzwa," akasema. "Kwa kilo."

Nikamwambia zilikuwa 38.