Maulizo ya Wasomaji: Deni Jipya Kabla ya Kusaini Nyumba

Ulizo. Mimi ni baba wa watoto watano, mkaaji wa komini ya Katuba hapa Lubumbashi. Mdogo wangu anaishi Marekani, katika jimbo la Ohio, na mwaka huu benki moja ya huko ilimwandikia kwamba inaweza kumpa mkopo wa kununua nyumba. Jamaa yote tulifurahi. Baadaye tulimwomba achukue mkopo mwingine mdogo, wa dola 6,000, tuuongeze juu ya akiba yetu ya likelemba (mchango wa kupeana kwa zamu) tununue basi dogo la kupeleka watu Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nasi tungemrudishia kila mwezi. Alikataa. Anasema mpaka asaini karatasi za nyumba hawezi kufungua hata kadi moja ya duka, na kwamba hata kuulizia mkopo tu, bila kuchukua pesa, kunamharibia. Mama yetu ameumia moyoni. Anaona ni visingizio vya mtu aliyesahau kwao. Je, mambo hayo ni ya kweli? Na kama deni ni baya hivyo, mbona anasema kwamba bila deni lolote asingekopeshwa?
*Yaya mkubwa, Katuba*

Jibu. Baba, mdogo wako amesema kweli, na ningependa mama asikie hilo kabla ya maelezo mengine yote. Isipokuwa ameweka katika kapu moja mambo mawili yasiyolingana uzito: kuulizia mkopo, ambako madhara yake ni madogo, na kuuchukua, ambako ndiko kunakoweza kumnyima nyumba.

Kwetu, mama anayeuza unga katika soko la Kenya hapa Lubumbashi akimkopesha mtu gunia, hutazama uso, ukoo, na jinsi mtu huyo alivyolipa gunia lililotangulia. Huko Marekani kazi hiyo ya kukumbuka wameiachia kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, ambazo huweka faili la mikopo ya karibu kila mtu mzima. Kutokana na faili la kila kampuni hutengenezwa alama, kuanzia 300 hadi 850, na wakopeshaji wa nyumba kwa kawaida huchukua ile ya katikati kati ya zote tatu. Katika alama ya FICO, inayotumiwa sana kwa mikopo ya nyumba, kulipa kwa wakati kuna uzito wa asilimia 35, kiasi cha deni asilimia 30, umri wa mikopo asilimia 15, na mikopo mipya asilimia 10.

Kila mara mdogo wako anapoomba mkopo au kadi, mkopeshaji hulifungua faili hilo, na kulifungua huko huandikwa humo humo pamoja na jina la aliyefungua na tarehe. Maandishi hayo hukaa miaka 2, ingawa FICO huyahesabu kwa miezi 12 tu, na kwa watu wengi ulizo moja huondoa chini ya alama 5. Akilitazama faili lake mwenyewe hapotezi hata alama moja. Kwa hiyo kwa upande wa kuuliza tu, amejiogopesha kupita kiasi, labda kwa sababu nzuri.

Sababu nzuri ninayoifikiria ni kwamba faili halisomwi na mashine peke yake. Linasomwa pia na mtu, na mtu huyo huliona ulizo kama unyayo mbele ya mlango: kuna aliyepita hapa, je, aliingia? Binti wa shangazi yangu, ambaye naye anaishi huko, alinitumia kwenye simu picha ya ukurasa wa mwisho wa faili lake. Chini kabisa kulikuwa na mistari minne, kila mmoja ukiwa na jina la duka na tarehe, yote ya ndani ya majuma matano. Alikuwa amekubali kadi kila aliposimama mbele ya keshia, kwa ajili ya punguzo la bei la siku ile. Benki ilimtaka aeleze kwa maandishi mstari mmoja baada ya mwingine: aliomba nini, alipewa au hakupewa, na kama alipewa, anadaiwa kiasi gani. Nyumba aliipata, lakini alichelewa, na alilala vibaya majuma kadhaa kwa ajili ya punguzo la bei la viatu.

Sasa tuje kwenye dola zenu 6,000, kwa maana hapo ndipo penye uzito. Mkopeshaji wa nyumba hujumlisha malipo yote ya madeni ya mwezi, pamoja na yale ya nyumba inayonunuliwa, kisha huyalinganisha na mshahara kabla haujakatwa kodi. Tufanye hesabu ya mfano. Mtu anapata dola 4,200 kwa mwezi. Nyumba, pamoja na kodi yake ya serikali na bima yake, itamdai 1,250, na gari lake linamdai 380. Jumla ni 1,630, yaani karibu asilimia 39 ya mshahara. Akichukua dola 6,000 za kulipa kwa miaka 3 kwa riba ya asilimia 12, atalipa karibu 200 kila mwezi. Jumla inakuwa 1,830, na hapo amepita asilimia 43, kipimo ambacho wakopeshaji wengi wamekizoea, ingawa baadhi ya mikopo huruhusu zaidi. Basi lile dogo la Kasumbalesa, ambalo kwenu ni riziki, kwenye karatasi ya benki ni dola 200 zilizomtoa mtu upande mmoja wa mstari na kumweka upande wa pili. Ahadi yenu ya kumrudishia, hata iwe ya kweli kiasi gani, haihesabiki. Jina lililosaini mkopo ni lake. Ndivyo ilivyo pia akimdhamini rafiki: kwa kawaida deni la rafiki litahesabiwa kuwa lake.

Mkopo mpya pia hushusha umri wa wastani wa mikopo yake, na alama hushuka kwa muda. Kwa mwenye alama 760 hilo si kitu. Kwa aliye ukingoni ni kitu kikubwa: mikopo inayokatiwa bima na idara ya serikali iitwayo FHA huruhusu malipo ya kwanza ya asilimia 3.5 kwa mwenye alama 580 kwenda juu, lakini aliye kati ya 500 na 579 hutakiwa kuweka asilimia 10. Kwa nyumba ya dola 200,000, hiyo ni tofauti kati ya dola 7,000 na dola 20,000.

Tena, barua aliyoipata si ufunguo. Benki ilisema inaweza kumkopesha kulingana na hali aliyokuwa nayo siku ile, na kwa kawaida italitazama faili tena siku chache kabla ya kusaini. Wapo watu waliokwisha kufunga mizigo yao, wakaenda kuchukua viti na kitanda kwa mkopo ili nyumba isiwe tupu, na mkopo wa nyumba ukasimamishwa.

Kuhusu ulizo lako la mwisho: FICO haiwezi kutoa alama kwa mtu ambaye hana hata akaunti moja ya mkopo iliyotimiza miezi 6. Kwa hiyo wageni wengi huanza na kadi moja ndogo, huilipa kila mwezi, na kuiacha izeeke. Deni la zamani linalolipwa vizuri ni shahidi. Deni jipya halijapata la kusema. Kwa asiye na alama kabisa, baadhi ya wakopeshaji hukubali kusoma ushahidi wa kodi ya nyumba, umeme na simu wa miezi 12.

Ningewaomba basi mumpigie simu mdogo wenu, mama naye akiwa karibu, mumwulize tarehe ya kusaini. Mpaka siku hiyo ombi la basi lipumzike. Baada ya hapo ataweza kukaa nanyi na kuona, mshahara wake ukiwa umeanza kulipa nyumba, kama dola 200 nyingine zinabebeka.

Ulizo. Binti yangu aliye Marekani amekwenda kwenye wakopeshaji wanne katika juma moja akitafuta riba ya chini ya nyumba. Sasa ameambiwa amejiharibia, na anataka kufunga kadi yake ya zamani ili kupunguza madhara. Afanye nini?
*Mama wa Kampemba*

Jibu. Mama, hakujiharibia. Maulizo ya mkopo wa nyumba yaliyofanywa karibu karibu huhesabiwa kuwa moja: ndani ya siku 14 kwa matoleo ya zamani ya FICO, na siku 45 kwa mapya. Kulinganisha riba ni haki yake na ni busara. Kadi ya zamani asiifunge. Akiifunga, kiasi anachoruhusiwa kukopa kitapungua, na deni alilo nalo kwenye kadi nyingine litaonekana kubwa zaidi. Apunguze tu deni lililo juu yake. Na akiona katika faili jina la mkopeshaji ambaye hakumwendea, aandike kupinga. Kwa kawaida kampuni ina siku 30 za kuchunguza. Akinyimwa mkopo, sheria ya huko inamlazimu mkopeshaji kumjulisha uamuzi ndani ya siku 30, na ana haki ya kupewa sababu zake.