Meni swichi inaanguka kila mvua ikinyesha

Pole, dada. Meni inayoanguka mvua ikinyesha hapo kwako Pasua, Moshi, na kukubali kukaa jua likiwaka, mara nyingi yenyewe ni nzima. Maji yameingia mahali, umeme unavujia kwenye athi (waya wa kwenda ardhini), na meni ya miliampia 30, yaani inayokata umeme uvujaji ukifikia kiasi hicho, inafanya kazi yake.

Siku ya mvua, zima breka ndogo zote, washa meni, kisha pandisha breka moja moja. Itakayoiangusha ndiyo yenye hitilafu. Ikiwa ni ya soketi, chomoa kila kitu, friji pia, ujaribu tena. Ikiwa ni ya taa, anza na za nje. Zima meni, mvua ikate, fungua kava ya taa: maji huingia pale waya unapopita juu ya kava, na kwenye kiunganishi utakuta kutu ya kijani. Waya ukatwe hadi shaba ing'ae, kiunganishi kiwe kipya, waya uingilie chini.

Meni ikianguka hata breka zote zikiwa chini, usikimbilie kununua nyingine. Breka ndogo kwa kawaida hukata laivu tu (waya unaoleta umeme), si nyutro (waya unaourudisha). Nyutro ikigusa athi, meni huweza kuanguka vilevile. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni: azime meni (nyaya za kutoka kwenye mita bado zina umeme!), atoe nyutro moja moja, apime kati ya kila moja na athi kwa mega (kipimo cha uvujaji wa nyaya) ya volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, njia hiyo ni mbovu.

Akitaka kuunganisha moja kwa moja bila meni, mkatalie kabisa. Mtu akipigwa shoti bafuni, hakuna kitakachokata umeme kwa wakati.