Ukomo wa mihula Uganda uliondokaje bila kura ya maoni?

Swali: Mhariri, nimesoma kwamba Katiba ya Uganda ya 1995 ilimruhusu mtu kuwa Rais kwa mihula miwili tu, na kwamba mwaka 2005 palipigwa kura ya maoni. Je, ni wananchi walioondoa ukomo huo? Na hapa kwetu unalindwa na nini? – Msomaji wa Tabora.

Jibu: Kura ya maoni ya Julai 2005 ilihusu kurejea kwa mfumo wa vyama vingi. Ukomo wa mihula uliondolewa na Bunge mwaka huohuo, na mlango ulikuwa ndani ya ibara ya 105 yenyewe. Ibara ndogo ya kwanza, inayosema kwamba muhula ni miaka mitano, ilikuwa miongoni mwa vifungu visivyobadilika bila ridhaa ya wapiga kura, ilhali ya pili, iliyoweka idadi ya mihula, haikuingizwa humo, kwa hiyo ilihitaji theluthi mbili ya wabunge tu. Kulinda urefu wa muhula na kuiacha wazi idadi yake ni kosa la uandishi ambalo sijaliona likielezwa kwa sababu ya kuridhisha.

Kikabaki kikomo cha umri wa miaka 75, ambacho kingemzuia Rais Museveni kugombea mwaka 2021. Tarehe 20 Desemba 2017 wabunge 317 waliunga mkono kukifuta na 62 wakapinga. Hawakujisahau: katika muswada huohuo walijiongezea muda kutoka miaka mitano hadi saba. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ilibatilisha nyongeza hiyo lakini ikaacha kufutwa kwa kikomo cha umri, na Mahakama ya Juu ikakubali mwaka 2019, majaji wanne dhidi ya watatu.

Kuhusu Tanzania, ibara ya 40 inakataza kuchaguliwa zaidi ya mara mbili, lakini ibara ya 98, inayoeleza jinsi Katiba inavyobadilishwa, inadai theluthi mbili ya wabunge, wala haitaji kura ya maoni. Katiba ya Kenya ya 2010 ni ngumu zaidi, kwani ibara ya 255 inaupeleka muda wa Rais madarakani kwa wapiga kura. Kwetu, kizuizi kimekuwa zaidi chama kuliko maandishi: mwaka 2000, wazo la kumpatia Rais Salmin Amour wa Zanzibar muhula wa tatu lilikataliwa ndani ya CCM.