Dozi ya thairoidi: pima, subiri, ndipo uongeze

Wiki ya pili ya dawa ya upungufu wa homoni ya thairoidi, tezi iliyo shingoni, ndiyo inayowaponza wengi. Kidonge kimemezwa siku 14 mfululizo, uchovu uko palepale, baridi inauma hata jua likiwa kali, choo bado kigumu. Mmoja anaamua kujiongezea kidonge cha pili. Mwingine anaona hamna nafuu, anaacha kabisa. Wote wawili wameihukumu dozi kabla haijafika kazini.

Levothairoksini, ile inayouzwa kwa majina kama Eltroxin na Euthyrox, ni homoni ya T4, sawa na ile ambayo tezi ya thairoidi ilipaswa kuitoa yenyewe. Hutoka mwilini polepole mno: siku 7 baada ya kuimeza, karibu nusu yake bado imo. Kwa hiyo kiwango chake kwenye damu hupanda kidogo kidogo, na hutulia baada ya wiki 5 au 6. Ukibadilisha dozi leo ukapima wiki ijayo, majibu yatakuwa mchanganyiko wa dozi mpya na ya zamani, na hapo hata daktari bingwa hana la kuamua. Subiri wiki 6 hadi 8, pima TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi inatosha, kisha ndipo mjadili hatua inayofuata.

Hesabu ya kuanzia inajulikana: maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 anapata 112. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya ya moyo ambaye thairoidi yake haifanyi kazi tena, kwa mfano iliondolewa kwa upasuaji wa rovu. Ambaye tezi yake bado inajikongoja anaweza kutosheka na 25 au 50. Mnene sana naye hapigiwi hesabu kwa uzito wote wa mizani, kwa kuwa mafuta hayahitaji homoni kama yanavyohitaji misuli. Ukimpigia hivyo utamzidishia.

Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo wa umri wowote, huanzia chini zaidi, 12.5 hadi 25, na hupandishwa taratibu. Homoni hii huharakisha moyo na kuufanya udai oksijeni zaidi. Mishipa ya moyo ikiwa imebanwa, mahitaji hayo ya ghafla huleta maumivu ya kifua au mapigo yanayorukaruka. Hapa haraka haina tuzo.

Kuna jambo linalosahaulika kabla ya kidonge cha kwanza. Mgonjwa anayepungua uzito badala ya kuongezeka, anayeona kizunguzungu akisimama, ambaye presha yake iko chini na ngozi imezidi weusi hasa kwenye mikunjo ya viganja, apimwe kwanza kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo zikiwa dhaifu, levothairoksini huimaliza haraka ile kotisoli kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuzimia badala ya kupona.

Sasa soma boksi lako. Kampuni moja huandika mcg, nyingine µg, na zote mbili ni maikrogramu. Nyingine huandika kwa miligramu: 0.05 mg ni maikrogramu 50, na 0.1 mg ni 100. Nukta ikikupita, unameza mara kumi ya ulichoandikiwa. Ukibadilishiwa boksi dukani, linganisha namba hiyo kabla hujaondoka dirishani.

TSH nayo watu wengi huisoma kinyumenyume. Si homoni ya thairoidi. Ni sauti ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ikiihimiza thairoidi ifanye kazi. Homoni ikipungua, pituitari hupaza sauti, ikizidi, hunyamaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, dozi ni ndogo. Ikiwa chini sana, dozi ni kubwa. Kila siku kuna anayepunguza dawa kwa sababu "TSH imepanda". Maabara nyingi huweka kawaida kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Kwa aliyevuka miaka 70, madaktari wengi huvumilia TSH ya 5 au 6, maana kumzidishia dawa ni hatari kwake kuliko kumpungukia kidogo. Mjamzito anayetumia dawa hulengwa chini ya 2.5. Aliyetibiwa saratani ya thairoidi ana lengo lake tofauti, asijilinganishe na jirani. Na ambaye tatizo lake limeanzia kwenye pituitari yenyewe, TSH haimfai kitu: huyo hufuatwa kwa kipimo cha T4 huru, yaani T4 isiyoshikana na protini za damu.

Hatua ya kupanda au kushuka huwa 12.5 hadi 25. TSH ya 7 haihitaji kuruka kutoka 75 hadi 150. Tatizo ni kwamba maduka mengi yana vidonge vya 25, 50 na 100 tu, na wakati mwingine vya 25 havipo. Hapo hesabu ya wiki huokoa, kwa kuwa dawa inakaa mwilini muda mrefu. Anayehitaji 112 anaweza kumeza 100 kwa siku tano na 150 kwa siku mbili: jumla 800 kwa wiki, wastani wa 114 kwa siku. Daktari akikubali mpangilio huo, chagua siku zisizosahaulika, tuseme Jumatano na Jumapili, uziandike juu ya boksi kwa kalamu.

Lakini kabla ya kuongeza chochote, uliza kidonge kinamezwa vipi. Hapa ndipo penye wizi mkubwa. Dawa hii hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Chai ya maziwa iliyomezewa kidonge inapunguza kinachoingia. Kahawa vilevile, hata ya mkandaa. Uji wa unga wa lishe wenye soya ni mbaya zaidi kwa sababu unanywewa asubuhi ileile, na watu huuhesabu kama dawa ya nguvu. Vidonge vya madini ya chuma, vile anavyopewa kila mjamzito kliniki, hushikana na levothairoksini tumboni na zote mbili zikapotea chooni. Kalsiamu hufanya hivyohivyo, na vidonge vya magnesiamu vya kutafuna kwa ajili ya kiungulia. Chuma, kalsiamu na magnesiamu vitenganishwe nayo kwa saa 4. Omeprazo haitenganishiki kwa saa, kwani inapunguza asidi ya tumbo mchana kutwa. Anayeitumia kila siku huenda akahitaji dozi kubwa zaidi, na hilo si kosa lake.

Ambaye asubuhi yake haina nusu saa ya kusubiri, ameze usiku akienda kulala, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Inafanya kazi vizuri kabisa. Kwa anayefunga Ramadhani hilo ni gumu kidogo, kwani futari na daku huacha nafasi nyembamba: baadhi humeza kwa maji wakati wa kufuturu na kusubiri nusu saa kabla ya kula, wengine huamka nusu saa kabla ya daku. Chagua moja, uishike mwezi mzima, na usipange kipimo cha TSH katikati yake. Afadhali kumeza vibaya kidogo lakini kwa namna ileile kila siku, dozi ikapangwa kufuata hali hiyo, kuliko kubadilisha kila wiki.

Joto na unyevu pia huiharibu. Boksi nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na mchana wa Tanga au Mombasa hupita hapo bila shida. Isikae jikoni, dirishani wala ndani ya gari. Iache kwenye pakiti yake, chumba chenye hewa zaidi, na nunua ya mwezi mmoja au miwili badala ya kulundika.

Siku ya kupima, toa damu kwanza ndipo umeze. Ukimeza kabla, T4 huru itaonekana imepanda kwa saa chache. Kuna picha moja inayojirudia: TSH iko juu na T4 iko juu pia. Mara nyingi huyo amekuwa akiruka vidonge kwa wiki kadhaa, kisha akavifidia siku mbili tatu kabla ya kwenda maabara. T4 imefika, TSH bado inakumbuka. Ukisema ukweli hapo utaokoa miezi miwili. Vidonge vya nywele na kucha vyenye vitamini ya bayotini nyingi navyo hudanganya baadhi ya mashine za maabara, majibu yakaonyesha dozi imezidi wakati haijazidi. Viache angalau siku 2 kabla. Na ukihama maabara, angalia vizio vya T4: 1.2 kwa ng/dL na 15 kwa pmol/L ni karibu kiwango kilekile, si kupanda kwa ghafla.

Dozi ikishapatikana, TSH hupimwa baada ya miezi 6, kisha kila mwaka. Yapo yanayoivuruga. Mimba ndiyo ya haraka kuliko yote: mahitaji hupanda tangu wiki za mwanzo, na mtoto hutegemea homoni ya mama. Ushauri unaotumika sana ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki mara tu mimba inapothibitishwa, yaani 9 badala ya 7, huku ukimtafuta daktari, na kupima kila wiki 4 katika nusu ya kwanza. Baada ya kujifungua hurudi dozi ya zamani, na kipimo baada ya wiki 6. Rifampisini ya kifua kikuu, fenitoini na kabamazepini za kifafa, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, vyote vinaweza kudai dozi zaidi. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aangaliwe kwa karibu kila dozi ya thairoidi inapobadilika, kwa kuwa damu yake huweza kuzidi wepesi.

Dozi iliyozidi huonekana hivi: moyo kwenda mbio ukiwa umeketi, mikono kutetemeka, jasho, usingizi kukimbia, kuharisha. Ikizidi kwa miaka huleta mapigo yasiyo na mpangilio na mifupa kuwa dhaifu, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Wanaoiomba kwa ajili ya kupunguza mwili wajue kwamba kilo zinazoondoka kwa dozi sahihi ni chache, na sehemu kubwa ni maji.

Je, TSH ni 1.8 na uchovu haujaondoka? Usiongeze dawa. Pima wingi wa damu, akiba ya chuma, vitamini B12 na sukari. Uliza kama unakoroma usiku, na hali ya moyo wako ikoje, ule wa huzuni. Mihogo na kabichi havina lawama hapa: ambaye tezi yake haifanyi kazi hawezi kudhurika na chakula kinachoizuia.

Ukisahau kidonge, kimeze siku hiyohiyo ukikumbuka, tumbo likiwa tupu. Kesho endelea kama kawaida. Ukisahau mara mbili kwa wiki, mwambie daktari hivyo kabla hajaangalia majibu.